Mashirika ya ndege yaache kututoza fedha ili tukae na watoto wetu

Ndugu wanajukwaa, hasa mnaosafiri kwa ndege kati ya Mwanza na Dar es Salaam, naandika nikiwa na hasira, ila nimejitahidi kupanga maneno ili hoja isipotee. Jina la shirika sitalitaja kwa sasa, kwa sababu barua yangu ya madai iko mezani kwao na ninataka waijibu kabla sijafika ngazi nyingine, na pia kwa sababu utaratibu ninaoulalamikia haukubuniwa na shirika hilo peke yake.

Nilikata tiketi nne kwa pamoja, zikiwa chini ya namba moja ya safari: yangu, ya mke wangu, ya mama mkwe aliyekuwa anakwenda Dar es Salaam kuonana na daktari, na ya binti yetu mwenye umri wa miaka mitano. Tarehe ya kuzaliwa ya mtoto niliijaza kwa mkono wangu, maana mfumo haukubali kuendelea bila tarehe hiyo, na ndiyo inayotumika kukokotoa nauli ya mtoto. Kwa maneno mengine, shirika lilijua umri wake tangu siku lilipopokea fedha zangu, na lilijua ni nani anaosafiri nao.

Siku moja kabla ya safari nikaingia mtandaoni kuthibitisha na kuchukua pasi za kupandia ndege. Mfumo ulikuwa umeshatupanga: mke wangu safu ya 4, mimi ya 9, mama mkwe ya 12, na mtoto wa miaka mitano safu ya 17, peke yake. Chini ya mpangilio huo palikuwa na ujumbe wa upole kabisa ukiuliza kama tungependa kukaa pamoja, na ukitukaribisha kuchagua viti kwa malipo, kila kiti kwa bei yake, kwenda kivyake na kurudi kivyake. Nilipojumlisha kwa watu wanne, kiasi kilikaribia nauli ya mtu mmoja wa basi kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam.

Naomba msomaji aelewe ndege yenyewe ilikuwa ya namna gani. Ilikuwa ya mapangaboi, yenye viti viwili upande huu wa njia na viwili upande ule, kwa hiyo watu wanne wanajaza safu moja kamili, wala hakuna anayebaki. Na picha ya viti niliyoonyeshwa ilikuwa na safu kadhaa zilizokuwa wazi kabisa, kila kiti kikiwa kimeandikiwa bei. Nafasi ilikuwepo na mfumo uliiona. Uliiruka ukaenda kumweka mtoto mdogo nyuma kabisa, na wazazi wake mbele.

Hatukuwa tunaomba anasa. Tungepewa safu moja tu, mama mkwe angekaa na binti yake upande mmoja na mimi na mtoto upande wa pili, jambo ambalo lingetufaa sote, kwa kuwa kwa malezi ya kwetu Kanda ya Ziwa mimi nisingeweza kukaa bega kwa bega na mama mkwe hata kama ningelipwa. (Mtengenezaji wa mfumo hawezi kuyajua hayo, na simlaumu kwa hilo. Ninamlaumu kwa mtoto.)

Sikulipa. Nilifika uwanjani Ilemela mapema, nikaenda kaunta, nikaeleza. Dada aliyekuwa zamu alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Baba, mfumo ndio umepanga, sisi hapa hatuna uwezo wa kugusa viti." Nikamuuliza, na nikilipia? Akajibu, "Ukilipia tunakubadilishia sasa hivi." Nimelitafakari jibu hilo tangu siku ile. Uwezo wa kugusa viti ulikuwepo pale pale mezani kwake, ila ulikuwa umefungwa hadi fedha ionekane. Sina ugomvi naye. Yeye ametumwa, na aliyemtuma hakai kaunta.

Alikuja mwenzake mwenye cheo kidogo, akaniambia kwamba abiria hutawanywa kwa ajili ya uzani wa ndege. Hoja hii wengi wetu tumeisikia na huwa tunanyamaza kwa kuwa inahusu usalama, basi naomba tuiangalie. Ni kweli kwamba mgawanyo wa uzito ndani ya ndege ni jambo la msingi, hasa kwa ndege ndogo, na rubani akiagiza abiria wahame kutoka mbele kwenda nyuma tunapaswa kuhama bila kubisha. Lakini kama mtoto yule alipelekwa safu ya 17 kwa ajili ya uzani, ilikuwaje uzani huo huo uruhusu ahamie safu ya 9 mara tu baba yake anapolipa? Mtoto wa kilo kumi na kadhaa hapungui uzito kwa kukatiwa risiti. Nilimwuliza swali hilo afisa yule, akaniambia niingie tu ndani, huko "mtabadilishana na abiria wenzenu".

Hapo ndipo uovu wa utaratibu huu unapokamilika, kwa sababu shirika linamwachia abiria mwingine alipe gharama ya kosa lake. Jirani wa mtoto wetu alikuwa kijana ambaye, kwa maelezo yake mwenyewe, alikuwa amelipia kiti cha dirishani. Mke wangu akasimama njiani, mabegi yakimpita kichwani, akimwomba, "Samahani kaka yangu, naomba nikae na mtoto." Kijana alinyanyuka, lakini uso wake ulionyesha wazi kwamba hakufurahi, na alikuwa na haki ya kutofurahi. Alilipia dirisha, akaishia kwenye kiti cha njiani cha mke wangu huko mbele. Nani atamrudishia fedha yake? Na angekataa, ambapo pia angekuwa ndani ya haki yake, ni nani ambaye abiria wote wangemtazama kwa jicho baya: yeye, au shirika lililouza kiti chake na kumtupia mtoto wa watu ubavuni? Mama mkwe yeye alibaki safu ya 12 na mtu asiyemjua, huku vidole vyake vilivyovimba vikishindwa kufungua mkanda.

Sasa niseme kuhusu usalama, kwa kuwa wao ndio walioutaja kwanza. Kwenye ndege zenye barakoa za oksijeni tunaelezwa kabla ya safari kwamba zikishuka, mtu mzima avae yake kwanza ndipo amsaidie mtoto. Maelezo hayo yanachukulia kwamba mtoto yuko ndani ya urefu wa mkono. Aliye safu nane nyuma anasaidiwa na nani? Vilevile, ndege za abiria zenye viti zaidi ya 44 haziidhinishwi mpaka ithibitike kwamba watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90 huku nusu ya milango ikiwa haitumiki. Hebu fikirieni moshi umejaa, watu wanasukumana kuelekea mlango wa mbele, na akina mama wanasukuma kurudi nyuma kutafuta watoto wao. Hakuna mzazi atakayetoka na kumwacha mwanawe kwa sababu tu hakulipia kiti, na kila anayeendesha shirika la ndege anajua hivyo.

Kuna jambo lingine ambalo nadhani halijasemwa vya kutosha. Mashirika mengi yana utaratibu maalumu wa mtoto anayesafiri bila mzazi: zipo fomu za kujazwa, mara nyingi yapo malipo ya ziada, na yupo mfanyakazi anayekabidhiwa mtoto huyo na kumkabidhi kwa mpokeaji. Pia upo umri ambao chini yake hawamkubali kabisa mtoto asafiri hivyo, na kwa kawaida wa miaka minne haruhusiwi; wa miaka mitano wengine humkubali kwa masharti hayo. Binti yangu aliwekwa mbali nasi, kati ya watu asiowajua, bila fomu, bila mfanyakazi wa kumtazama, kwa hoja kwamba anasafiri na wazazi. Kwenye karatasi alikuwa nasi, na ndani ya ndege alikuwa wa peke yake. Angemwagikiwa chai ya moto, nani alikuwa na dhamana naye?

Nisieleweke kwamba napinga kila malipo ya kiti. Sisi wa Mwanza tuliuzoea mapema mtindo wa tiketi ya bei ya chini ambayo vikorombwezo vyake vinalipiwa kando: Novemba 2012, Fastjet ilipoanza safari kutoka Dar es Salaam, Mwanza na Kilimanjaro ndizo zilizokuwa njia zake za kwanza, na watu wengi ambao hawakuwahi kuota kupanda ndege walipanda. Shirika hilo halipo tena hapa nchini, lakini mtindo umebaki, nao una faida yake. Anayetaka dirisha ili alione ziwa na mawe yake wakati wa kupaa, alipie. Anayetaka pa kunyoosha miguu, alipie. Hata mume na mke wenye afya zao, sioni kwa nini walalamike. Ndoa iliyostahimili miaka kumi haiwezi kuvunjwa na safari isiyofika saa mbili, na wengine, tukisema ukweli, watashukuru kupumzishana. Kwa watu wazima jibu langu ni kwamba wasilipe, na wakilipa wajue wamenunua starehe.

Kwa mtoto mdogo, na kwa mgonjwa au mzee anayehitaji mtu wa kumsaidia, suala ni jingine kabisa. Hapo hakuna kuchagua, na palipo na ulazima bei inageuka kuwa tozo ya hofu. Najua wapo watakaolipa kwa sababu hawawezi kubahatisha, pengine wana mgonjwa wa rufaa, pengine mama anasafiri peke yake na watoto watatu. Siwalaumu hata kidogo. Bei ile imepangwa kwa kuwategemea wao.

Wenzetu wameshalishughulikia jambo hili kwa sheria. Canada ilianza kutumia kanuni zake Desemba 2019: mtoto chini ya miaka 5 akae kiti kinachopakana na cha mzazi, wa miaka 5 hadi 11 awe safu moja na mzazi bila kutenganishwa na zaidi ya kiti kimoja, na wa miaka 12 na 13 asizidi safu moja kutoka kwa mzazi, yote hayo bila malipo. Italia mwaka 2021 mamlaka yao ya anga iliagiza kwamba watoto wa miaka 2 hadi 12, pamoja na watu wenye ulemavu au wenye shida ya kutembea, wakae jirani na wanaowasindikiza bila kuongezewa gharama. Marekani wizara ya uchukuzi iliyasihi mashirika mwaka 2022 yawaweke watoto wa miaka 13 kushuka chini karibu na mtu mzima wao, na mwaka 2024 ikapendekeza kanuni ya kuyalazimisha. Katika nchi hizo zote ndege zinaendelea kuruka na kiti cha dirishani kinaendelea kuuzwa.

Tena hatuhitaji kwenda Canada. Nenda kituo cha basi cha Nyegezi au Nyamhongolo, mwambie mkata tiketi kwamba una mtoto. Atakuonyesha mchoro wa viti, utachagua viwili vinavyopakana, atakuandikia namba, basi. Safari yenyewe ni ya zaidi ya kilomita 1,100, na hakuna anayekudai shilingi kwa sababu umekaa na mwanao.

Katika barua yangu nimedai mambo mawili: maelezo ya maandishi kwa nini mtoto alitenganishwa nasi wakati safu nzima zilikuwa wazi, na ahadi kwamba mfumo utarekebishwa ili tarehe ya kuzaliwa itumike kupanga viti kama inavyotumika kupanga nauli. Pale kaunta niliomba nionyeshwe kanuni inayoruhusu walichofanya, sikuonyeshwa. Nisipojibiwa, nitapeleka malalamiko Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, na nakala kwa Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, ambalo liliundwa kwa ajili yetu sisi tunaopanda, nikiomba mamlaka iandike kanuni kama hiyo ya Canada na kuagiza ibandikwe kwenye kila kaunta kwa Kiswahili.

Safari ya kurudi Mwanza bado, na sitalipia. Wenye risiti za malipo haya mkiwa mmesafiri na watoto, naomba mziweke hapa, mkificha majina na namba za tiketi, lakini umri wa mtoto na kiasi kilichotozwa vionekane, ili nikienda TCAA nisiende na kesi ya familia moja. Na kama yupo aliyewahi kurudishiwa fedha hizo na shirika lolote, aeleze alimwandikia nani na alijibiwa nini.