Mjadala: Wanaopokea wanafunzi wapya wapimwe nyaraka kila mwaka, au tudhibiti ule usemi wa "nafasi imejaa"?

Mtoa mada, Mbeya Mjini

Wadau, Oktoba 1 uandikishaji wa awali na darasa la kwanza unafunguliwa hadi Desemba 31, halafu Januari kidato cha kwanza wanaripoti. Hoja yangu: kila atakayekaa kwenye meza ya mapokezi, awe mwalimu mkuu, mwalimu wa taaluma au karani wa shule binafsi, apimwe kila Septemba kuhusu nyaraka za elimu (maagizo ya wizara) zinazotumika. Asiyefaulu asishike rejista msimu huo.

Kutojua waraka na kula rushwa vinalala kitanda kimoja. "Utaratibu hauruhusu, labda tuone namna." Ukichunguza, utaratibu wenyewe ulishafutwa. Fomu za kujiunga ni mfano mzuri: ya mwaka jana inafunguliwa kwenye kompyuta, inabadilishwa tarehe, inachapwa. Kwa mtindo huo ada ya bweni ya 70,000 kwa kidato cha tano na sita, iliyofutwa 2022, inaweza kubaki ukurasa wa tatu na mzazi akailipa.

Halafu kuna Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021. Binti aliyekatishwa masomo na ujauzito, au yeyote aliyeacha shule kwa sababu nyingine, ana miaka 2 ya kurejea. Mpokeaji aliyeganda kwenye kanuni za 2002 za kufukuza wanafunzi atamrudisha nyumbani, au atamuuzia haki yake.

Mwalimu, Mufindi

Napinga, ndugu. Mtihani utazaa semina, semina itazaa posho, mwisho tutakuwa na karatasi za mahudhurio zilizosainiwa vizuri. Na shule nyingi za serikali huku hazina karani wa usajili. Anayepokea ni mwalimu yuleyule anayefundisha Hisabati, kaazimwa wiki mbili.

Isitoshe, anayezijua nyaraka zote ndiye anayejua pa kupenyea. Pesa inapitia kwenye "nafasi imejaa", na hilo linasemwa kwa mdomo tu, hakuna karatasi. Kwa hiyo mbao za matangazo zibandikwe kila Ijumaa: darasa, mikondo, waliopo, nafasi zilizobaki. Anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi, yenye namba ya mfululizo, tarehe na sahihi, nakala ibaki shuleni. Uone kama "imejaa" itatamkwa ovyo.

Mtoa mada

Mwalimu, ubao unaandikwa na yuleyule anayekula.

Mthibiti ubora wa shule, Njombe

Ndiyo maana takwimu zisilinganishwe na ubao peke yake. Viko vitu vinne: rejista ya uandikishaji, rejista ya mahudhurio, idadi kwenye PREM (mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wanafunzi), na vichwa darasani. Rejista ikisema 52, mahudhurio 49 na darasani 55, hao wa ziada waliingia kwa mlango gani? Rejista iandikwe kwa wino, namba zifuatane, kosa likatwe kwa mstari mmoja na sahihi pembeni. Ukiona korekta kwenye safu ya tarehe ya kuzaliwa, simama hapo hapo.

Lakini mtihani usidharauliwe kabisa, hasa kwa uhamisho, na huku wanahama sana: wazazi wanakwenda Chunya kwenye dhahabu, Mbarali kwenye mpunga, Tunduma kwenye biashara. Mtoto anakuja na barua, anapokelewa, anapewa dawati, kila mtu anaridhika. Kumbe shule alikotoka haijamwachia kwenye PREM. Hakuna anayegundua hadi usajili wa mtihani wa taifa, jina linakutwa kule kule, na sasa mzazi anaombwa "nauli ya kufuatilia". Hapo huenda mpokeaji hakuwa mwizi mwanzoni; hakujua kwamba barua bila hatua ya mfumo ni nusu ya uhamisho. Kabla ya kumwandika, afungue mfumo, aangalie namba ya PREM iko shule gani, na kama bado iko kule apige simu siku hiyo hiyo.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawajalihesabu. Walioanza mtaala mpya wakiwa darasa la tatu 2024 wanamaliza la sita 2027, mwaka uleule waliokuwa la nne wanamaliza la saba. Januari 2028 makundi mawili yanaingia kidato cha kwanza kwa pamoja. Siku hiyo "nafasi imejaa" itakuwa kweli kwa baadhi ya shule, na uongo utajificha humo humo. Kama daftari la waliokataliwa halijazoeleka mapema, tutaumia.

Mzazi, Tukuyu

Naomba kuuliza wakubwa, mtoto wa miaka 6 hana cheti cha kuzaliwa, nimeambiwa "tutaongea". Kadi ya kliniki haitoshi?

Mthibiti ubora wa shule, Njombe

Dada, kinachotafutwa ni umri, na kadi ina tarehe. Peleka kadi, omba aandikishwe huku ukifuatilia cheti kwa ofisi ya mkuu wa wilaya. Wakigoma, waandike sababu. Mkoa wa Mbeya ndio ulioanza ule mpango wa vyeti vya bure kwa walio chini ya miaka 5, mwaka 2013, kwenye kata na vituo vya afya. Mdogo wake mchukulie sasa kabla hajavuka 5. Na hiyo "tutaongea" ikifika kwenye kiasi, TAKUKURU (taasisi ya kupambana na rushwa) ni 113, simu ni bure.

Karani wa usajili, shule binafsi, Iringa

Huku kwetu hamjagusa. Zipo shule zinazomlipa karani kwa kila kichwa anacholeta. Machi 2023 Kamishna wa Elimu alisitisha bweni kwa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali. Karani wa kichwa-kwa-kichwa atamwambia mzazi nini akiulizwa bweni la darasa la pili? Analijua katazo vizuri sana! Mpeni mshahara wa mwezi, na kibali kibandikwe mlangoni. Na anayepokea fomu asipokee pesa. Malipo yaende benki.

Mtoa mada

Basi mtihani uwe mfupi, maswali kumi, usahihishwe na shule jirani, bila posho. Daftari la waliokataliwa nalikubali. Nani analinunua?

Mwalimu, Mufindi

Kaunta buku moja na karatasi za kaboni, kamati ya shule inaweza. Nakala moja ibaki shuleni, nyingine iende kwa afisa elimu kata kila Ijumaa, na mzazi wa aliyekataliwa asaini pia. Isipokuwepo sahihi ya mzazi, hiyo namba ihesabiwe ni batili.