Mimi ni 5 au 7? Naomba ushauri kuhusu eneagramu na numerolojia

Habari zenu ndugu zangu. Nimekwama, naombeni mnisaidie.

Nimefanya majaribio mawili ya eneagramu (mfumo unaogawa haiba za watu katika aina tisa, zenye namba 1 hadi 9), yote yamenipa aina ya 5: mtazamaji, mtu wa kujitenga na kutaka kuelewa kila kitu kabla hajatia mguu. Ni mimi kabisa, sibishi. Shida ilianza nilipojumlisha tarakimu za tarehe yangu ya kuzaliwa kwa njia ya numerolojia (imani kwamba namba hueleza tabia ya mtu). Nikapata 34, yaani 3+4 = 7. Kusoma 7 ya eneagramu: mpenda raha, mipango kumi kwa siku, hatulii. Huyo si mimi hata kidogo! Lakini 7 ya numerolojia ni mtafiti mpweke, karibu sawa na 5 ya eneagramu. Na 5 ya numerolojia, mpenda uhuru na mabadiliko, inafanana na 7 ya eneagramu. Utadhani kuna mtu kazibadilisha makusudi.

Nimejaribu kulinganisha nyingine, zikagoma. Namba 4 ya numerolojia ni mchapakazi mwenye utaratibu, ya eneagramu ni mtu wa hisia nzito. Ila najua mistari inayounganisha namba 1-4-2-8-5-7 kwenye mchoro wa eneagramu inatokana na kugawanya 1 kwa 7 (0.142857...), kwa hiyo hesabu imo.

Je, namba za aina hizi zina maana yoyote ya kinumerolojia, au ni alama tu za kuzitofautisha? Na kwa anayetaka kujifahamu, nizisome zote mbili au niache moja?