Naomba ushauri: chesisi ya mabomba kwa Land Cruiser ya zamani

Habari wakuu. Nina Land Cruiser pikapu ya zamani, ya kupita kwenye mawe na makorongo. Chesisi, yaani fremu ya chini inayobeba gari zima, imeliwa na kutu, hasa pale springi za nyuma zinaposhikiwa. Ukigonga kwa nyundo vipande vinadondoka. Injini, giaboksi na difu ni vizima, na gari naipenda mno, siwezi kuitupa. Nataka niisukie chesisi mpya ya mabomba.

Nafikiria bomba la chuma lisilo na mshono, kipenyo milimita 44, unene milimita 3. Fundi mmoja anasema bomba la maji linatosha. Sikubaliani naye kabisa: lile ni la kupitisha maji, si la kubeba mzigo wa gari linalorukaruka. Suala la kuimarisha fremu kwa mabomba ya mshazari yanayounda pembetatu nalielewa, maana fremu ya pembe nne tupu hujipinda tairi moja likipanda jiwe.

Kinachoninyima usingizi ni vishikio vya springi na injini. Nivichomelee moja kwa moja kwenye bomba, au nitangulize bamba la kusambaza mzigo? Na nichomelee kwa mpangilio gani ili joto lisivute chesisi upande? Aliyewahi kuunda, naomba hata picha za maungio yake.