Slay the Spire, Balatro, Hades au Dead Cells: ninunue ipi?

Kasuku_wa_Arua
Habari zenu jamani. Mwezi huu nina pesa ya gemu moja tu, na naitaka iwe roguelike, ile aina ukifa unaanza upya na njia zote zimebadilika. Juzi nilikuwa Kampala kwa binamu yangu nikaonja nne. Hades imenishika kwa hadithi: ukifa unarudi nyumbani kwa baba kuzimu, unakuta kila mtu ana neno jipya la kukuambia, mpaka kufa kwenyewe hukuchukii. Dead Cells ni tamu mkononi, upanga ukipiga unausikia, ila yule bosi, adui mkubwa wa darajani, Concierge, amenimaliza kila nilipomfikia. Slay the Spire niliiona ya polepole, kisha nikashtukia kumekucha. Balatro niliicheza kidogo, lakini kwenye basi la kurudi bado nilikuwa napiga hesabu zake kichwani. Nishaurini.

Mwalimu_Tororo
Ndugu, unachezea nini? Laptopu, simu au konsoli? Ramu kiasi gani? Una pedi ya kuchezea? Umeme wa kwenu ukoje? Na pesa yenyewe ni dola ngapi? Bila hayo tunabahatisha tu.

Nyabo_Karata
Balatro. Mashine yako hata siulizi, maana inakubali karibu kila kitu. Sisi tuliokua tukicheza karata za matatu barazani tunaujua utamu wa kushika karata unayoisubiri. Hapa unapanga mikono ya poka, pea (karata mbili za namba moja) inakupa kidogo, flashi (karata tano za ua moja) inakupa zaidi, halafu jokari, karata maalum ulizonunua njiani, zinazidisha alama. Zipo jokari 150 na kila moja ina tabia yake. Raundi ya kwanza unadaiwa alama 300 tu, unajiona bingwa. Subiri ukutane na bosi anayeitwa The Needle, anayekuruhusu kucheza mkono mmoja peke yake. Nilikuwa nimejenga yote juu ya pea ndogondogo za kukusanya polepole, nikakaa nazitazama karata nane, moyo unadunda kama penalti ya mwisho. Na karibu haya yote yametengenezwa na mtu mmoja wa Kanada anayejiita LocalThunk. Namheshimu sana.

Mnara_Usiku
Dada, Balatro ni nzuri, lakini baba lao ni Slay the Spire, unakopigana kwa karata. Imetoka rasmi 2019 na mpaka leo sijaona inayoizidi kwa haki. Adui anakuonyesha juu ya kichwa chake atakachofanya: atapiga ngapi, au atajikinga. Ukifa, unajua umekufa kwa nini. Mfano ni Gremlin Nob wa ngazi ya kwanza. Kila ukicheza karata ya ujuzi, yaani zile za kujikinga na nyingi zisizo za kupiga, yeye anaongezeka nguvu. Ukiwa na mhusika Silent mwenye kinga nyingi na mapigo machache, umekwisha. Kwa hiyo kabla hata hujamwona unaanza kuokota karata za kupiga kwa ajili yake. Kule kuwaza mbele hakuna gemu nyingine inayonipa.

Kasuku_wa_Arua
Asanteni. Laptopu ni ya zamani, ramu giga 4, haina kadi ya picha ya peke yake. Pedi sina.

Mwalimu_Tororo
Umeme na pesa hujasema. Basi Hades iweke pembeni kwanza. Wenyewe wanaandika ramu giga 4 kama kiwango cha chini, lakini wanataka na kadi ya picha yenye giga 1, na nafasi ya giga 15. Hizo giga 15 utazishusha kwa bando gani? Na zote hizi Steam, duka la gemu la mtandaoni, inatuuzia kwa dola, bei ya shilingi yetu hakuna. Balatro kwenye kompyuta ni dola 14.99, hizo tatu nyingine ni 24.99 kila moja bila punguzo.

Kobe_wa_Mbarara
Kuhusu Dead Cells niwaelezeni yaliyonikuta, kwa sababu naona Kasuku anaweza kushawishika na njia ya mkato.

Nikiwa chuo nilikuwa naitamani sana. Kadi ya benki sikuwa nayo, nikaenda duka moja mjini wanapojaza gemu kwenye flashi ya kompyuta. Kijana wa pale akaniapia kwamba ni kamili, toleo la mwisho. Nikalipa, nikarudi bwenini, nikacheza kwa raha. Nikajifunza kukwepa, nikajua kwamba seli unazookota kwa maadui, usipozifikisha kwa Collector, mhusika anayezipokea, zinapotea ukifa, nikawa nakimbia na seli zangu roho mkononi. Siku niliyompiga Concierge nilipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Baadaye rafiki yangu mwenye gemu halali ananisimulia silaha na maeneo ambayo mimi sijawahi hata kuyasikia. Kumbe nilichouziwa ni toleo la 2017, la wakati bado inatengenezwa! Hayo ningeyavumilia. Lakini flashi ile ilikuja na virusi. Mafaili yangu yakageuka njia za mkato (shortcut), laptopu ikawa nzito, ripoti yangu ya mafunzo ya kazini ikaenda, na maendeleo yangu yote ya gemu yakafutika siku fundi alipoisafisha mashine. Nilirudi dukani, wakaniambia flashi ilikuwa safi ilipotoka kwao. Iliniuma sana. Watu waliotengeneza Dead Cells ni kikundi kidogo cha Bordeaux, Motion Twin, wanastahili pesa yao, na sisi tunastahili gemu inayoeleweka. Nunua halali, kaka.

Mnara_Usiku
Pole sana. Hapo kwenye ripoti nimeumia kwa niaba yako.

Bombo_Yusuf
Samahani kuingilia. Nyabo, hiyo Balatro si kamari? Hapa kwetu vijana wanamalizwa na nyumba za kubeti, sasa mnampa mtu poka.

Nyabo_Karata
Yusuf, swali ni la haki na sikulaumu. Lakini ndani hakuna pesa ya kuweka wala ya kutoa. Ukishanunua, umenunua. Ulaya wakadiriaji wa umri, PEGI, waliipa 18 kwa sababu ya picha za poka, watu wakalalamika, na Februari 2025 wakaishusha hadi 12. Kinachofanyika pale ni kuzidisha namba.

Bombo_Yusuf
Nimekuelewa. Bado nyumbani kwangu isingeingia, mdogo wangu akishajua flashi na pea za poka ataenda kuzitafuta kwingine.

Mkongwe_1980
Jamani, mnaita hizi roguelike wakati nusu yake si roguelike. Jina limetokana na Rogue ya 1980, ya vijana wa California, herufi tupu kwenye skrini, unatembea hatua moja na adui hatua moja. Hades unapigana papo kwa papo na ukifa unabaki na vitu vya kukuongezea nguvu. Kasuku, kabla hujatoa senti, weka Shattered Pixel Dungeon kwenye simu. Kwenye Android ni bure, haihitaji intaneti. Sakafu ya 5 unakutana na Goo, tope jeusi linalojivimbisha kabla ya kupiga. Likivimba, ondoka.

Mnara_Usiku
Mzee, kwa kipimo hicho Slay the Spire nayo itakuwa nje. Gemu ikinilazimisha kuanza upya na kufikiri upya, mimi imenitosha.

Mkongwe_1980
Ndiyo, nayo iko nje. Ni gemu nzuri ya karata. Majina yana maana yake.

Mwalimu_Tororo
Hayo mabishano yana uzi wake. Kasuku, umeme! Nauliza kwa sababu Slay the Spire inahifadhi kila unapoingia chumba kipya, kwa hiyo giza likikukuta vitani, unalirudia pambano lile tu. Laptopu yenye betri iliyokufa inahitaji gemu ya namna hiyo.

Kasuku_wa_Arua
Betri imekufa kweli, na umeme unakatika jioni, saa ninazocheza. Pesa nina dola 25, binamu atanilipia kwa kadi yake. Shattered nimeishusha, Goo ameniua. Sasa nimebaki kati ya Spire na Balatro, ila moyo bado uko kwa Hades.

Mnara_Usiku
Spire na Balatro zipo pia kwenye Android, kila moja kama dola 10. Kwa dola 25 unabeba zote mbili, na simu ina chaji. Ila maandishi ya Spire kwenye simu ni madogo.

Nyabo_Karata
Simu yako ina skrini ya inchi ngapi?

Kobe_wa_Mbarara
Na kama ni Steam, kumbuka wanarudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 na hujacheza kufika saa 2. Jaribu Hades kwenye hiyo laptopu uone kama inatembea.

Mwalimu_Tororo
Kobe, na bando la giga 15 atarudishiwa na nani?