Mjadala: Filamu ya zamani itafsiriwe Kiswahili, au iachwe na maandishi yake?

Wiki hii nimebishana na rafiki yangu hadi chai ikapoa. Yeye anasema filamu ya zamani ikishatafsiriwa juu kwa juu, kama wanavyofanya madijei wa vibanda umiza, imekufa. Mtu asome maandishi ya chini, na kama hawezi, basi aachane nayo. Mimi nakataa. Naileta hapa tuijadili.

Mpwa wangu anaendesha bodaboda ya mkataba, na muvi anazoangalia zote ni za kutafsiriwa. Jumapili moja nilimwekea Bicycle Thieves ya Vittorio De Sica, filamu ya Italia ya mwaka 1948, haina rangi. Haikupita dakika tano akashika simu. Si kwamba haikumvutia. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, na kila akimaliza kusoma mstari, picha imeshapita. Nikarudisha mwanzo, nikaanza kumtafsiria mwenyewe.

Antonio amepata kazi ya kubandika mabango, sharti awe na baiskeli, na yake iko rehani. Mkewe anavua mashuka kitandani, wanakwenda kuyaweka rehani baiskeli itoke. Karani anachukua furushi lao, anaanza kupanda nalo kwenye rafu. Anapanda, anapanda, na rafu zote zimejaa mafurushi ya mashuka ya watu wengine mpaka juu kabisa. Hapo nilinyamaza. Mpwa wangu akasema taratibu, "Kumbe mji mzima umeweka."

Baiskeli ikaibiwa siku ya kwanza ya kazi. Swali lake la kwanza: "Ya mkataba au yake?" Nikamwambia yake. "Afadhali," akasema, na simu hakuishika tena.

Sasa niambieni filamu gani imekufa hapo.

Rafiki yangu anachukulia kutafsiri kama tabia ya vibandani kwetu tu. Japani, enzi za filamu zisizo na sauti, kulikuwa na wasimulizi walioitwa benshi. Walikaa kando ya pazia wakieleza kisa na kuwasemea wahusika, na wengine walipata umaarufu mkubwa. Kaka yake mwongozaji wa filamu Akira Kurosawa, Heigo, alikuwa mmoja wao, na ndiye aliyemfungulia mdogo wake dunia ya filamu. Leo tunapeana Seven Samurai ya Kurosawa, ya 1954, kama kitu cha kuangaliwa kwa adabu, na aliyeitengeneza alikulia karibu na msimulizi.

Tena kuna Ousmane Sembène wa Senegal. Alikuwa mwandishi wa riwaya tayari, akaingia kwenye filamu kwa sababu watu wake wengi hawakuweza kusoma vitabu vyake. Mwaka 1968 akatoa Mandabi, wahusika wakizungumza Kiwolofu. Mzee Dieng wa Dakar anapokea hawala ya posta kutoka kwa mpwa wake aliyeko Paris, lakini hawezi kuichukua bila kitambulisho. Kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa, kinataka picha, na huku wanaomdai wameshajua kuna pesa. Nani hapa hajawahi kuzungushwa ofisini namna hiyo? Filamu iliyotengenezwa ili asiyesoma aielewe, leo tunampa mtu wa kwetu tukimwambia asome Kiingereza haraka haraka. Hilo linaniuma kweli.

Rafiki yangu ananijibu kwamba bibi zetu wa pwani waliipenda Awaara, filamu ya Kihindi ya Raj Kapoor, ya 1951, bila dijei yeyote. Kweli. Ila ile ilibebwa na nyimbo. Mandabi bila maneno yake unabaki na mzee anayetembea juani.

Kuna sehemu namkubalia, tena sana. Wengi wa watafsiri wetu hawaachi nafasi. Mhusika akikaa kimya, wao wanatia kichekesho, na muziki unafunikwa. Kwenye muvi ya ngumi hilo linavumilika. Kwenye ile rafu ya mashuka, neno moja tu la ziada lingemnyima mpwa wangu nafasi ya kuona mwenyewe.

Jambo jingine ni zile orodha za filamu bora. Jarida la Uingereza la Sight and Sound huwapigisha kura wahakiki kila baada ya miaka 10. Kura ya kwanza, mwaka 1952, iliyoshinda ni hiyo hiyo Bicycle Thieves. Ya 2022 iliyoshinda ni Jeanne Dielman ya Chantal Akerman, ambayo kwa zaidi ya saa 3 tunamtazama mama akipika, akimenya viazi, akitandika kitanda. Ni kazi kubwa, naiheshimu, lakini anayempa mgeni filamu hiyo siku ya kwanza kwa kuwa imeandikwa namba moja, hajamfikiria yule mgeni hata kidogo. Mimi ningemwanzisha na baiskeli, kisha Mandabi, kisha Seven Samurai kwa usiku mbili maana nayo inakaribia saa tatu na nusu.

Sisemi Bicycle Thieves inaishaje. Nasema tu kwamba mwishoni wapo baba na mtoto barabarani, katikati ya watu, na hawasemi kitu. Ninyi mnaotafsiri, nawauliza kwa dhati: mkifika hapo, mnaweza kuzima maiki mpaka picha iishe?