Mbia wangu si mwizi, lakini biashara ya Namanga inamfia mikononi

Ndugu wanajumuiya,

Nawasalimu nyote. Naomba ushauri wa waliowahi kufanya biashara ya ubia nyumbani ilhali wenyewe wakiishi nje, kwa sababu jambo langu limefika mahali ambapo hasira peke yake hainisaidii.

Mwaka 2020 mimi na rafiki yangu niliyesoma naye tulisajili jina la biashara kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania, tukaanza kununua mahindi Kibaigwa, kuyahifadhi katika ghala la kupanga Namanga na kuwauzia wanunuzi wa upande wa Kenya. Mimi nilitoa sehemu kubwa ya mtaji kutoka huku Uingereza, naye akawa msimamizi. Machi 2021, Kenya iliposimamisha uingizaji wa mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka, sikumlaumu hata kidogo, maana zuio lile lilimkuta kila mtu. Lakini siku chache baadaye, biashara iliporuhusiwa kwa masharti, likiwemo la cheti cha kuthibitisha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni, ilikuwa wazi kwamba mahindi yasiyokauka vizuri yangekuwa hasara tupu. Mwenzangu ameendelea kununua kwa macho na kwa kung'ata punje.

Nilimtumia kipima unyevu, kwa kuwa kiwango cha Afrika Mashariki hakiruhusu unyevu wa mahindi uzidi asilimia 13.5. Mwezi uliopita alinipigia simu ya video akiwa ghalani, akatumbukiza mkono ndani ya gunia ili anionyeshe mzigo mpya, na punje zikatoka zimeshikana mabonge. Nyuma yake, juu ya rafu, kipima unyevu kilikuwa bado ndani ya boksi, hata utepe haujakatwa.

Hesabu ndizo zinazoninyima usingizi zaidi. Nilipoomba daftari alinitumia picha za kurasa nne, ambamo mafuta ya lori, ujira wa vibarua, mchango wa msiba na ada ya mtoto vimeandikwa katika safu moja, nilipomuuliza ipi ni fedha ya biashara, alinijibu kwa upole, "Kaka, zote zimetoka mfuko mmoja." Naamini hajaniibia, na laiti angekuwa mwizi ningejua la kufanya. Sasa nimesikia kwamba amechukua mzigo kwa mkopo kwa jina letu. Je, nikijitoa, deni hilo linabaki kwa nani?

*Jibu:*

Kaka, pole sana. Naanza na deni, kwa kuwa ndilo lisilosubiri. Jina la biashara si kampuni, na halikutenganishi na madeni. Kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, deni alilochukua mbia katika shughuli za kawaida za biashara ni la wabia wote, hata kama wewe hukuligusa gunia lenyewe. Kujitoa leo hakufuti kilichokopwa jana, na wanaowafahamu kuwa wabia wanaweza kukudai hata madeni mapya mpaka wajulishwe kwamba umetoka. Kwa hiyo ukiamua kutoka, mwandikie yeye na kila mdai barua, na uhakikishe nakala zinarudi zikiwa zimesainiwa.

Kabla ya barua, tafuta mtu asiye ndugu wa yeyote kati yenu akahesabu na kupima magunia. (Mimi nilimtuma shemeji yangu, nikapata hesabu mbili na ugomvi mmoja ambao haujaisha hadi leo.) Na uniwie radhi, lakini sehemu ya kosa ni yako: miaka yote hii umetuma fedha bila kudai daftari, naye akadhani daftari halina maana.

Ukiamua kubaki naye, mwache anunue na kuuza, ila fedha zote zipite katika akaunti inayohitaji saini mbili, na yeye alipwe mshahara unaojulikana ili ada ya mtoto itoke humo. Hicho kipima unyevu akifungue ukiwa unamtazama kwenye simu, kabla lori lijalo halijaanza kushusha.