Eti nirudi kushona magunia ya korosho! Huyu fundi amenifikisha

BiMfarishi:
Kuchele wakuu. Naandika mikono inatetemeka, mkiona herufi zimeruka mjue ni kama mshono wangu wiki hii.

Yule fundi. Simtaji. Yeyote aliyewahi kupakia cherehani kwenye bodaboda kutoka Mikindani kuja Chikongola anamjua. Yule wa redio, mwenye bisibisi moja inayotengeneza vyerehani, majiko ya gesi na meno ya watu.

Mnajua nina ile mashine ya mtumba ya mkono mrefu, inatembea kwenye reli juu ya fremu ya mninga. Nashonea mfarishi, lile blanketi la tabaka: natandaza kitambaa, pamba, kitambaa, halafu nazungusha mashine nachora maua. Juu mshono unapendeza. Pindua sasa! Vitanzi vya kufungia mbuzi. Kwenye kona ndiyo usiseme, nyuzi zimesimama kama kope za bandia. Na mfarishi wenyewe ni wa harusi, Jumamosi hii.

Nikamwita aje saa mbili. Kaja saa nane, kala ming'oko yangu (vile viazi vya porini), kafungua nyumba ya bobini, pale unapokaa uzi wa chini, kakaza skrubu mpaka ikalia. Nikamwambia kwa adabu zote, kaka, vitanzi vikiwa chini mwenye kosa ni uzi wa juu, umelegea. Akacheka. Akawageukia mashangazi wa bi harusi waliokuwa mkekani, WANNE, akasema: "Huyu mama arudi kushona magunia ya korosho, ndiko anakoweza."

Magunia. Mbele ya mashangazi. Mmoja alicheka mpaka akatemea chai kwenye pamba.

Kachukua 15,000 yake, kaondoka. Sasa uzi wa chini unakatika kila shubiri na vitanzi bado vipo. Yaani magunia!! Mimi!!

Mkorosho_Mkavu:
Pole. Ila huu uzi wako umelegea kuliko wa mashine. Tatizo ni vitanzi au mashangazi?

BiMfarishi:
Tatizo ni MAGUNIA.

Ngoko_wa_Newala:
Mtwara na joto hili, nani anajifunika mfarishi? Bi harusi anaolewa Makete?

Shazia:
Dada, mimi nashona kwa fremu miaka sasa, nisikilize kabla hujalia tena. Kwanza irudishe ile skrubu ya bobini, robo mzunguko, jaribu, robo tena. Ukiishika nyumba ya bobini kwa uzi wake ining'inie, iteremke kidogo ukiitikisa. Ikidondoka puu, imelegea. Ikigoma kabisa, ndiyo hiyo aliyoikaza bwana bisibisi.

Halafu uzi wa juu. Ushike mbele na nyuma ya zile sahani mbili za kukazia, uvute huku na huku kama unasugua meno, mpaka uzame katikati. Mara nyingi unakuwa umekaa pembeni na vumbi la pamba limejaa, hata ukikaza vipi haushikiki. Na badilisha sindano.

BiMfarishi:
Asante dada angu. Sahani nimefungua, imetoka pamba ya kujaza mto mzima. Na yeye hata hakuziangalia! Alikuwa anatafuta pa kunitukania.

DerevaWaNoah:
Hizo kope za kwenye kona ni zako mwenyewe, usimsingizie mtu. Unaikimbiza mashine kwenye kona, sindano inapinda. Mimi sishoni lakini kona nazijua.

Shazia:
Dereva kasema kweli leo. Na huo mfarishi usiukaze kwenye fremu kama ngoma ya sindimba. Ukiugusa kwa chini ubonyee kidogo, ukikaza sana mshono unaruka.

BiMfarishi:
Nilikaza kwa hasira.

MamaSare:
Bora wako alikuja. Wangu nilimpa vitenge vya sare ya unyago wa binti yangu, watu kumi na wawili, akaniambia njoo kesho. Mwali katoka ndani, kachezwa, karudi shule, kesho haijafika. Juzi nikamwona mke wake kavaa kitenge changu sokoni.

Ngoko_wa_Newala:
Huyo si ndiye huyo huyo wa redio?

MamaSare:
Simtaji.

Kangomba_Mstaafu:
Nyie mnalilia vitenge. Mimi korosho nimepeleka ghalani msimu uliopita, wenzangu wa mnada ule ule wamelipwa, wamenunua pikipiki na wameshazigonga. Langu jina "linahakikiwa".

Mkorosho_Mkavu:
Mkuu, wewe uliyekuwa unapima kwa kangomba, ule ununuzi wa magendo wa korosho, kijiji kizima unalia kuibiwa? Tuheshimiane.

Kangomba_Mstaafu:
Nimestaafu, soma jina.

DerevaWaNoah:
Salfa ya kupulizia mikorosho je? Mliopata yenye mifuko mizima nyoosheni mikono.

BiMfarishi:
Samahani, turudi kwenye mada. Alisema MAGUNIA na mashangazi

Ngoko_wa_Newala:
Mama tumesikia. Hiyo ming'oko aliyokula uliichemsha na chumvi au kavu? Maana watu wa mjini mnaiharibu.

Kangomba_Mstaafu:
BiMfarishi, nimekaa nikawaza. Nina magunia kama 200 yametobolewa na panya na msimu ndio huo unakuja. Ile mashine ya reli inayaweza?

BiMfarishi:
Ya reli hapana, nina ile ya miguu. 500 kwa gunia, uzi wako. Ila lete usiku.